Mjomba Atakuja na Nyumba Yake

Bweni la Wasichana,
Dar es Salaam,
Jumatatu, baada ya Alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua nilipoondoka kimetulia. Mpunga umeanza kuchanua? Nguruwe wamerudi tena? Mmeshahamia dunguni kulinda, au bado mnashinda bondeni na kurudi nyumbani kulala? Na Baba ameleta habari yoyote kutoka delta, au bado yuko kambini na wakata boriti wenzake? Mimi ni mzima. Nimefika shuleni salama, ingawa nimechelewa siku sita, na Mwalimu Mkuu amenisamehe nilipomweleza habari ya barabara.

Rehema mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole, usiruke mstari. Nawe Mama, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Unanijua, mimi maneno hunitoka vizuri mkononi kuliko mdomoni.

Sikuja kwa basi. Nimekuja na Mjomba Selemani, katika nyumba yake ya gari.

Najua jina hilo halitajwi nyumbani kwetu tangu alipouza nyumba ya marehemu Babu akanunua lile lori la jeshi. Sikukusudia kukuasi. Baba Mdogo aliniacha Kibiti kwa mke wa mwenye duka, tukiamini basi litapita adhuhuri. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na watu wa barabara walikuwa wameweka gogo njiani kuzuia magari mpaka udongo ukauke. Nikakaa barazani juu ya sanduku langu, nikafungua kitabu. Mara nikaona miguu ya mwanamke imesimama mbele yangu. Nikaendelea kusoma, maana sikujua niseme nini. Miguu haikuondoka.

Alikuwa mkaza mjomba, Mwanaidi. Alisema Mjomba ameniona tangu asubuhi lakini anaogopa kunisogelea, asije akawa amenitia mashakani kwako. Nikamwambia nangoja basi. Akasema, "Basi lenyewe limekwama Mkuranga, mwanangu, linakungoja wewe ukalisukume." Kisha akainama achukue sanduku langu, ndipo nikaona ana mimba kubwa. Mama, ningewezaje kumwacha abebe sanduku?

Nakueleza nyumba yenyewe, maana hujaiona. Ni lori lililojengewa chumba cha mbao nyuma, paa la bati, madirisha mawili yenye mapazia ya kanga. Ndani mna kitanda ambacho mchana hukunjwa ukutani, kabati la vyombo lenye komeo ili visianguke njiani, na meza ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma, ambako Mjomba hutengeneza taa za karabai, majiko ya mafuta ya taa, cherehani na baiskeli za watu. Kupikia ni nje, chini ya turubai. Ubao wa kukanyagia ukiingia mlangoni ameupaka rangi akaandika KIZINGITI. Nilipouona nilikumbuka ulivyomwambia siku ile kwamba mtu asiye na kizingiti hana mahali pa kupigiwa hodi. Sikumwuliza, naye hakusema. Lakini umefutwa vumbi vizuri kuliko ubao mwingine wowote.

Sikujua kwamba wako wengine waishio namna hiyo. Jioni ile alifika Mzee Kasimu, fundi cherehani, Mmatumbi, mtani wetu wa milimani, pamoja na mkewe Bi Mtumwa, nao wana nyumba yao juu ya lori. Wamejuana na Mjomba njiani, na hukutana Kibiti kila msimu, kama watu wanaokutana gulioni. Wana desturi zao. Wakifika, hupanga magari migongo ikitazamana, milango kwa milango, na katikati hufagiwa na kutandikwa mikeka. Hapo pamekwisha kuwa ua, na huingii bila kupiga hodi hata kama unapita tu. Ngazi ya mlangoni ikiwa chini, mgeni karibu. Ikipandishwa, wenyewe wamepumzika, usiwasumbue. Mzee Kasimu alimsalimia Mjomba kwa kumwuliza kama sisi watu wa bondeni tumeshaota mapezi mwaka huu. Mjomba akamjibu kwamba afadhali mapezi kuliko kuteremka mlimani na kuogopa dimbwi. Wakakumbatiana, wakaingia chini ya magari kutazamana springi mpaka Magharibi.

Siku ya pili alikuja Mzungu mmoja na mkewe, wazee, wanaelekea Lindi na kuendelea mbele huko kusini. Gari lao nalo ni nyumba, tena ina beseni lenye bomba. Walipoona magari yetu walifurahi, wakaomba kuegesha pamoja nasi. Bi Mtumwa alipokwisha kutembezwa ndani alitoka akasema nyumba nzuri, ina bomba ila haina mkeka, sasa mtu akitaka kunyoosha miguu auombe bomba?

Wazungu wale hawakujua habari ya ngazi. Waliiacha chini tangu asubuhi, na watu wa Kibiti, ambao wamezoea desturi ya Mjomba na Mzee Kasimu, wakaona wanakaribishwa. Wakapiga hodi, wakapanda, wakaketi. Memsahibu akawapa chai. Wakaja wengine. Kufikia saa tano walikuwa wanawake saba wameketi kitandani kwake wakimtazama kwa adabu, na sukari imekwisha, na yule bibi anatabasamu kama mtu aliyefungiwa chumbani na nyuki. Mjomba akaniambia niende nikamweleze, kwa kuwa mimi ndiye mwenye Kiingereza. Mama, nilizunguka gari lile mara tatu. Hatimaye nilisema, sentensi moja niliyoitunga kwanza kichwani. Akacheka mpaka akashika mlango. Aliniuliza kama akiipandisha ngazi sasa watu wataudhika. Nikamwambia hapana, watasema umechoka. Akaiacha chini mpaka adhuhuri, na toka hapo tukawa marafiki. Alinipa kitabu chenye habari za ndege.

Natamani ningeishia hapo, lakini si haya yaliyonifanya nikuandikie.

Siku ya nne Mwanaidi alishikwa na maumivu ya tumbo wakati wa kuanika nguo. Bi Mtumwa akamlaza, akatuma mkunga wa pale aitwe. Mkunga akampapasa, akasema si uchungu bado, ni uchovu wa mitikisiko, mtoto amebakiza kama mwezi mmoja kuzaliwa. Tukashukuru. Kisha akauliza nyumbani ni wapi atakapojifungulia. Mwanaidi akasema ni hapa hapa. Mkunga akatazama kabati, akatazama jiliwa, akasema kwa upole kabisa, "Mimi huzalisha nyumbani, mama. Chumba hiki kesho hakipo hapa. Kitovu cha mtoto nimwambie baba yake akizike wapi, chini ya gurudumu?"

Mjomba alikuwa mlangoni, akasikia. Akashuka akaenda kukaza nati ya gurudumu ambayo nilimwona akiikaza asubuhi.

Memsahibu akaniuliza kuna nini, nikamfasiria. Akasema kuna hospitali Utete, na nyingine Dar es Salaam, nzuri, asiogope. Mwanaidi akasema hospitali haogopi, ataenda. Ila mtoto akishazaliwa, wampeleke wapi? Mama yake mwenyewe alikufa yeye akiwa mdogo, na shangazi aliyemlea kisiwani amezikwa mwaka jana. Hana mlango mwingine.

Ndipo Bi Mtumwa, ambaye tangu afike ni mzaha tu, akatueleza habari ya mwanawe mkubwa, ambaye sasa ni kijana anayejifunza useremala Lindi. Alizaliwa njiani, baina ya Nyamwage na kivuko. Walikizika kitovu chake chini ya mkwaju kando ya barabara, wakapaweka alama kwa mawe. Mwaka uliofuata barabara ikapanuliwa, mkwaju ukakatwa, mawe yakaingia kwenye kifusi. Akasema, "Alipokuwa mdogo, kila tukipita alikuwa ananiuliza, ni hapa mama? Nami namwambia, ndiyo, ni hapa. Kila safari mahali tofauti. Sijui kama alikuwa hajui."

Mwanaidi akajifunika uso kwa kanga.

Mama, mimi darasani hata jibu nikilijua sinyanyui mkono. Lakini nilijisikia nikisema, "Mama amesema mje nyumbani, Mahege."

Wote wakanitazama. Nilidhani Mjomba hakusikia, kumbe alikuwa amekwisha kurudi na kusimama nyuma yangu na spana yake. Akaniuliza wewe Mama ulisema lini. Nikamwambia siku niliyoondoka nyumbani. Akaniuliza tena, "Alinitaja kwa jina langu?"

Nikasema ndiyo.

Akaketi pale pale juu ya kile kizingiti chake. Hakulia mbele ya watu, lakini Mzee Kasimu alimshika bega akamwita kwa sauti kubwa aje amwonyeshe mahali paa linapovuja, na jua lilikuwa linawaka.

Huo ni uongo wangu, Mama, na ni mimi peke yangu niliyeutunga. Hujasema hivyo. Nimeomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu, na sasa nauomba kwako. Mara mbili njiani nilifungua kinywa niwaambie kweli. Mara ya kwanza, tulipokuwa tunaagana na wenzetu baada ya gogo kuondolewa, wale Wazungu na Mzee Kasimu wakienda kusini na sisi kaskazini, Bi Mtumwa alimkabidhi Mwanaidi kitambaa cheupe cha mtoto, akamwambia, sasa nakupa kwa kuwa unakwenda kwenu. Mara ya pili ilikuwa kwenye tope la Mkuranga, ambako tulishuka sote kusukuma isipokuwa Mwanaidi. Mjomba alikuwa na matope mpaka kifuani, anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Nikafunga kinywa.

Simtetei kwa kuuza nyumba ya Babu. Nilimwuliza mwenyewe, tukiwa mbele ya gari, Mwanaidi amelala. Alisema baada ya Bibi kufa hakuweza kulala mle ndani, paa limeanguka upande mmoja na kila kona ina sauti yake. Alitaka kukuambia. Alikuja mpaka nyumbani kwetu mara mbili akanywa maji akarudi. Alisema, "Bwana Shauri wa Utete, mtawala mzima, namwogopa kidogo. Dada namwogopa sana." Basi akauza kwanza, akidhani atakueleza baadaye, nawe ukasikia kwa mnunuzi. Alisema kosa ni lake, na kwamba kila akipita njia panda ya kuja Mahege hupunguza mwendo.

Nimefikiri sana neno ulilomwambia la kizingiti. Mimi ni mtoto, nawe ndiye uliyenifundisha kusema, kwa hiyo nisamehe. Sisi kila mwaka mpunga ukichanua tunabeba jiko, mkeka na chungu, tunahamia dunguni juu ya miti bondeni, tunakaa huko miezi. Hakuna anayesema hatuna kwetu, kwa sababu Mahege tumeacha nyumba na watu wanajua tutarudi. Mjomba naye anaishi dunguni tu, Mama, ila hana alikoacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuza kwao. Lakini mtoto aliye tumboni hajauza kitu.

Wako hapa Dar es Salaam mpaka Alhamisi kununua vipuri. Ijumaa baada ya swala wataondoka, na mvua ikikubali, Jumamosi watakuwa uani kwetu. Barua hii nampa kesho dereva wa basi aiache kwa mke wa mwenye duka Kibiti, naye ameahidi kumpa mtu wa baiskeli, kwa hiyo itatangulia. Wao hawajui kama nimeandika. Hawataki chumba, nyumba wanayo. Wanataka kuegesha karibu na ule mpapai, siku arobaini zipite kwako, na kitovu kizikwe mahali ambapo hapapanuliwi barabara.

Nisalimie Baba akirudi kutoka delta, umwambie kitabu cha hesabu alichoninunulia nimekimaliza. Nisalimie Baba Mdogo, umwambie asijilaumu kwa kuniacha Kibiti. Nisalimie Bi Mwajuma jirani yetu aliyetuzalisha sote, na kama waweza mwambie kwamba huenda kazi iko njiani. Msalimie Maalim, na usimwambie habari ya uongo, nitamwambia mwenyewe nikija likizo. Rehema, umesoma vizuri, asante.

Mama, kama umekasirika, kasirika nami, na fimbo yangu niwekee mpaka nitakaporudi, nitaikuta. Sikuombi umsamehe Mjomba Jumamosi hiyo hiyo. Naomba neno moja tu. Watakaposhuka na kupiga hodi, kabla hujawaambia waketi au waondoke, mwite Selemani. Anadhani umekwisha kulitamka.

Mwanao anayekuheshimu na kukuogopa,

Sikudhani