Fungu la Genka katika Nyumba ya Kamenka

Kaka Dobri mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji Milka, na poleni na joto la huko Valencia. Mgongo wako unaendeleaje? Hapa kwangu tunapumua. Mama mkwe bado analalamika kutwa nzima, ndiyo dalili kwamba ni mzima. Barua yako niliipata, ile ya kuniomba vipimo vya madirisha ya nyumba ya baba kule Kamenka, ili uagize mapya kabla hujastaafu na kurudi. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nakwepa, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Kwanza habari za dada yetu Genka. Mwenye nyumba alimtoa wakati wa baridi kwa kuwa watalii wanalipa zaidi, naye akahamia chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya duka la mikate. Kuta zinatoa maji, na kifua chake unakijua. Nilimsihi aje kwetu. Akacheka mpaka akakohoa, akasema vyumba vyetu viwili vimeshajaa, labda tumtundike mlangoni pamoja na makoti.

Nilikuwa namalizia jengo la nyumba za bei nafuu karibu na stesheni, kwa mkataba wa manispaa. Kila nilipopita ghorofa ya pili, upande wa jua la asubuhi, nilijisemea kwamba hapa atakaa Genka. Akaomba, akakataliwa. Kanuni zinasema mwenye jina kwenye hati ya nyumba yoyote nchini, hata kama ni fungu tu la urithi, hapewi. Na Kamenka tumerithi sisi watatu. Nikawaza atuachie fungu lake. Kumbe aliyeuza au kugawa nyumba miaka ya karibuni naye hapewi. Walikusudia kuwabana matajiri wanaoficha majumba kwa majina ya watoto wao. Wamembana Genka.

Baadaye kamati ya makazi ilituita wakandarasi tuseme nini kirekebishwe. Nililalamika kwamba tunalazimishwa kuchimba maegesho ya magari kwa watu wanaopanda basi, na lile shimo linameza fedha ambazo zingejenga ghorofa nyingine. Hilo waliliandika pale pale. Kisha nikaingia kwenye mafungu ya urithi. Nikasema wasiulize jina la mtu limeandikwa wapi, waulize kama ana paa anapoweza kulala na asubuhi akawahi kazini. Diwani mmoja akanitania, "Fundi, leo umekuja kutetea saruji au ukoo?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba namtetea dada yangu, na wa namna yake wamejaa mji huu.

Mwenyekiti, Bibi Tsonkova, alinifuata kwenye ngazi. Akakiri kwamba nasema kweli, ila kanuni hiyo itaangaliwa msimu ujao, nyumba zikishagawiwa. "Vumilia kidogo, fundi," akaniambia. Nikamuuliza kifua cha mtu kinavumiliaje. Sidhani kwamba ni mtu mbaya.

Sasa nikwambie lile ninaloliogopa. Kiwanja kitupu kanuni hazikukitaja. Fungu la nyumba isiyokuwepo si nyumba. Nikaenda kwa Stanka, ambaye sasa ndiye mkuu wa kijiji, nikamwambia nyumba yetu inataka kuwaangukia wapita njia. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Velko, usinifanye mtoto. Hii itatuzika sote na bado itasimama." Lakini alicheza na Genka tangu utotoni, na nilipomweleza alitia sahihi kibali cha kuibomoa.

Nilipeleka tingatinga mwenyewe. Sikutaka vijana wangu wa kazi wanione. Kwanza nilibandua tangazo la msiba wa mama pale getini, lenye picha yake na kitambaa kichwani. Lilitoka vipande vipande. Kisha nikaanza. Dobri, nyumba ilikuwa nzima. Ilivuja upande wa zizi tu, ningeiziba kwa wiki moja. Ukuta wa baba ulikataa kuanguka. Niliupiga, nikaupiga tena, nikalia mle ndani ya tingatinga kama mtoto. Hakuna madirisha ya kupima, kaka.

Sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na wewe ndiye mkubwa, ningekutii.

Genka amehamia ile ghorofa ya pili. Anakohoa kidogo tu sasa. Hajui kitu. Anaamini kamati ilinisikiliza, na kwenye ngazi anawaambia majirani kwamba mdogo wake amebadilisha kanuni za mji mzima. Jumamosi hii ni siku ya kuwaombea marehemu. Ngano ameshainunua ya kuchemsha na kuwagawia watu kaburini, anataka nimpeleke makaburini, halafu tupite nyumbani akafagie uwanja kabla hujarudi. Nikaitikia. Akanikabidhi ufunguo wa mlango wa Kamenka niutunze, maana yeye, anasema, siku hizi anasahau vitu.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Nikasirikie mimi kadiri utakavyo, lakini Genka usimwandikie kwa hasira. Yeye hakuomba nifanye hivyo. Ufunguo ninao mfukoni, na Jumamosi ni kesho kutwa.

Mdogo wako,
Velko