Baba wa Maganda ya Vitunguu

Mwaka umetimia, Baba, tangu uiname pale maabarani kufunga kamba ya kiatu na usiinuke tena. Moyo, walisema. Hukuaga hata kidogo, wewe uliyekuwa ukituaga mara tatu kabla hujafika mlangoni.

Wauza vitunguu walikuita Bwana Maganda, kwa kuwa uliwaachia kitunguu ukabeba ganda. Nyumba nzima ilinuka mfuko wako. "Baba yenu kaoa maganda," Mama alitutania, "mimi ni mke mwenza tu." Ulicheka mpaka miwani ikakudondoka.

Kazi yako ulitueleza mezani, taratibu, kama mtu anayesimulia ndoto. Katika maganda yale mna flavonoidi, vitu ambavyo mmea hujitengenezea ili kujikinga na jua na wadudu. Seli za saratani, ukasema, zina uroho wa sukari. Katika visahani vyako vya maabara, maji ya rangi ya waridi yanayozilisha hugeuka manjano kadiri zinavyokula na kutoa asidi. Ukizitilia mchujo wa maganda, sukari huingia kwa shida, na maji hubaki waridi siku nzima. "Leo zimelala njaa," ulisema ukivua koti, nasi tukajua umefurahi.

Kisha Mama akaugua saratani ya titi. Wiki ya nne ya matibabu ulifungua kopo lake la nyuzi, ukitafuta sindano, ukakuta vidonge vyake vyote humo. Chini ya meza ya jikoni palikuwa na sufuria ya maganda yaliyochemshwa.

"Nimekuamini wewe kuliko wao," Mama alisema. "Miaka kumi na miwili unazilaza njaa. Nikimeza vya watu, si nimekudharau?"

Uliketi sakafuni, miguuni pake.

"Mama watoto, nisikilize. Kwenye kisahani changu hakuna tumbo, hakuna ini, wala wewe hupo. Mle nazimwagia seli mchujo kwa wingi. Ukinywa kikombe, mwili unaugeuza njiani, kinachofika ni kidogo mno. Sina dawa bado, nina swali tu." Ukamwekea vidonge kiganjani. "Kazi yangu na ife. Wewe usife."

Akavimeza vya siku hiyo, bilauri umeishika wewe. Kesho yake ulimwambia daktari mbele yetu, "Kosa ni langu. Nilisimulia vizuri mno."

Asubuhi za dripu mlikaa dirishani, ukimhesabia matone kwa sauti ya chini, mwanga ukiwafunika, mpaka mkasinzia wote wawili. Muuguzi alikuwa akiuliza mgonjwa ni yupi.

Jumanne iliyopita daktari alisoma majibu. Ugonjwa hauonekani, arudi baada ya miezi sita. Mama alirudi nyumbani, akapanda ngazi mbio, akasukuma mlango wa chumba chenu, akasema, "Baba watoto, wamesema..." Akasimama pale, mkoba mkononi. Kisha akaketi upande wako wa kitanda, akakusimulia habari yote hadi mwisho.

Unakumbukwa na binti yako mshonaji, mwanao fundi wa mafriji, mkweo, wajukuu wawili, dada yako mkunga, wenzako wa maabara, na mkeo, ambaye yupo.

Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu.