Bosi Alinikanyaga Mbele ya Afisa wa Tozo

Mwenzio nimekwisha! 😭

Leo afisa wa serikali kaja kukagua kituo chetu cha televisheni, maana tozo hulipwa kwa kila tangazo la biashara. Bosi akaapa, "Mzee wangu, sisi bado wachanga. Kwa siku tunarusha matangazo matano tu."

Mimi na roho yangu nyeupe nikasema, "Bosi, umesahau yale arobaini ya kwenye tamthilia."

Akanikanyaga chini ya meza.

Nikamwambia, tena kwa heshima, "Samahani bosi, umenikanyaga."

Nilisema hivyo! Kwa sauti!

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. "Binti, wakikufukuza njoo ofisini kwetu."

Bosi hakucheka. "Ya nini asubiri? Ondoka naye."

Sasa niko kwenye gari la serikali. Sijui nimeajiriwa au nimekamatwa.