Friji ya Mama Swabra

Jumapili jioni, Lucky Summer. Mvua ya mchana imekatika na mabati yanatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nimekaa mlangoni kwa sababu ndani hakukaliki. Nafula amelala mkekani mapema, amechoka, pumzi yake inatoka puani taratibu. Nimeitazama hiyo pumzi muda mrefu kabla ya kushika simu niandike.

Nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Nafula ni binti yangu. Yuko darasa la pili, na mwili wake hautengenezi insulini, ile ambayo wewe na mimi tumezaliwa nayo bila kuiomba. Hudungwa sindano asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya ugali. Akikosa, sukari inapanda kwenye damu. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, anakojoa, anakonda, kisha anaanza kuhema huku mdomo wake ukinuka kama ndizi iliyooza. Tuliwahi kufika hapo. Nilimbeba begani hadi hospitali na nilipomwita jina hakuitika.

Kama kuna kitu ninachokiogopa duniani, ni kumwita tena asiitike.

Dawa yake haipendi joto, na chumba chetu ni mabati juu, mabati ubavuni. Friji hatuna. Kwenye ploti hii mwenye friji ni mmoja, Mama Swabra, ambaye mlango wake unatazamana na bomba la maji. Anauza maziwa na zile barafu za rangi za watoto. Ni mzaliwa wa Majengo na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi wa Bungoma niliyeacha shule kidato cha pili. Nafula alipotoka hospitali, nilimpelekea chupa ya dawa kwa mkono wangu. Nilimwambia, "Mama Swabra, adui wa hii dawa ni joto." Akanijibu, "Joto halitaiona." Tangu siku hiyo anayeichukua na kuirudisha ni mke wangu, Rispa.

Mambo yalienda sawa hadi Ramadhani ilipoanza.

Sukari ya Nafula ilianza kupanda bila sababu. Tuliongeza maji, tukapunguza ugali, na bado ikapanda. Kitanda kikaanza kulowa tena. Mtoto akaaibika, akawa anaficha shuka chini ya meza. Sketi ya shule ikaanza kumteleza kiunoni.

Mimi nikaanza kutafuta mtu.

Niseme jambo kuhusu kazi yangu. Ninapakia magunia kwenye kiwanda cha plastiki Baba Dogo, kibarua cha kuamkia geti. Kila jioni tukitoka tunapekuliwa. Mikono juu, mifuko nje, viatu vivuliwe. Nimepekuliwa miaka mingi na sijawahi kubeba hata uzi. Lakini mtu anayepekuliwa kila siku anajifunza kupekua. Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu, macho yangu yanafungua makabati kabla sijakaribishwa kiti.

Kwanza nilishuku sahani.

Kila jioni ya Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, Mama Swabra alikuwa akimtuma bintiye na sahani iliyofunikwa. Kaimati, sambusa, tambi za sukari. Sisi si Waislamu, lakini yeye hakuwahi kuuliza hilo. Na sahani ya jirani hairudi tupu, si kwao wala kwetu. Rispa alikuwa akiirudisha na njugu za kuchemsha au ndizi.

Nilitazama zile kaimati zinavyong'aa kwa shira na nikasema nimempata adui. Rispa akaniambia kaimati tunakula sisi watu wazima, Nafula anapewa sambusa moja tu, tena baada ya sindano. Sikumwamini. Jioni moja nikaipokea sahani mimi mwenyewe. Nikamimina chakula kwenye sufuria, nikaiosha, nikamrudishia mtoto pale pale mlangoni.

"Mwambie mama asante. Inatosha."

Swabra aliigeuza sahani akatazama chini yake, kama mtu anayetafuta kilichoanguka. Kisha akaenda nayo. Sahani haikuja tena.

Sukari haikushuka.

Basi nikageukia nyumba yangu. Nilipekua begi la Nafula, nikanusa hadi kasha la penseli. Nikamuuliza mtoto nani humpa soda. Akalia. Nikamuuliza Rispa kama huwa anamhurumia na kumpa chai ya sukari nikiwa kazini. Alikuwa akipepeta mchele. Akaweka uteo chini.

"Utanipekua na mimi? Niinue mikono kama kwa geti?"

 Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaangalia kopo la sukari nikiwa peke yangu.

Kisha nikaiona chupa.

Dawa ya Nafula ni ile yenye wingu. Kabla ya kuvuta kwenye sindano, unaibiringisha polepole katikati ya viganja hadi inakuwa nyeupe sawasawa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kazi hiyo huwa ya Rispa kwa sababu viganja vyangu ni kama msasa. Jioni ya Ijumaa alikuwa anamvua mtoto sweta, nikaibiringisha mimi. Haikukubali. Ilibaki na chembe, kama unga uliomwagwa kwenye maji baridi, na nyingine zimeshika kwenye kioo.

"Ni mwanga tu," Rispa alisema.

Mimi nilijua si mwanga. Nilijua mtu anachota dawa ya mtoto wangu na kujazia maji, pengine maziwa. Kuna watu wengi wanaohitaji dawa hii na hawaipati, na penye uhitaji hapakosi mchuuzi. Nani anashinda na chupa hiyo? Nani anauza maziwa? Nani tulimrudishia sahani tupu, akanuna? Yote yalipangika kichwani mwangu kama magunia, moja juu ya jingine, bila pengo.

Mama yangu alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani wiki hiyo. "Chunga sana dawa inayolala kwa watu," alisema. Neno la mama likipata mahali pa kukaa, halitoki.

Jana Jumamosi nikaamua kutokwenda geti. Nilitaka kumfumania. Kukianza kupambazuka, kabla ya saa ambayo Rispa huenda, nilivuka hadi kwa Mama Swabra nikabisha huku nasukuma. Mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, bado amevaa mtandio wa kuswalia. Mkononi ana kikombe, anakizungusha polepole. Ndani ya kikombe kulikuwa na chupa ya Nafula.

Moyo wangu ulifurahi. Nasema ukweli, ulifurahi. Nilikuwa nimepata mwizi.

"Baba Nafula? Kuna nini? Mtoto yuko salama?"

"Mtoto yuko. Nimekuja kuchukua dawa."

"Leo wewe? Basi kaa kidogo, haijayeyuka yote."

"Haijayeyuka?"

"Hii friji mwezi huu inafunguliwa kama mlango wa msikiti," alisema. "Huyu anataka juisi, huyu maziwa, huyu barafu. Nikasema dawa ya mtoto itaingia joto. Kwa hiyo jioni mkishairudisha naiweka kule juu kwenye barafu, mkono wa mtu haufiki. Nikiamka kula daku naitoa, naitia kwenye maji ya vuguvugu, ili ikifika kwa mtoto isimchome kwa baridi. Baridi ya sindano ni mbaya, Baba Nafula."

Alinionyesha kikombe. Katikati ya chupa kulikuwa na kipande cha barafu, kidogo kama punje ya mahindi, kinaelea.

Nilishukuru. Nikachukua chupa nikarudi nyumbani.

Rispa alinisikiliza, akakaa kitandani. "Nesi alisema isikae kwa joto na isigande. Ikiganda imekufa. Nilikwambia ukiipeleka umwambie."

"Nilimwambia joto."

"Ulimwambia nusu."

Tulimpima Nafula pale pale. Mashine haikuandika namba. Iliandika HI, maana yake sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama yake kama mtoto mchanga, tukakimbia kliniki. Njiani nilimwita jina mara nyingi. Kila mara aliitika, mwisho akaniuliza mbona namwita na yuko mgongoni.

Nesi aliishika chupa akaitazama dirishani. "Hii imekufa," alisema, akaitupa. Alinieleza kwamba dawa iliyoganda hata ikiyeyuka haifanyi kazi, mtoto alikuwa anadungwa karibu bure. Walimwekea maji, wakamdunga dawa nzima, wakakaa naye hadi alasiri. Wakatukabidhi chupa mpya. Leo asubuhi mashine imesoma namba, na ni namba nzuri.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeongeza maji. Mwanamke aliyefunga kutwa alikuwa anaamka gizani na kumfikiria mtoto wangu kabla ya kumeza tonge lake. Aliendelea kuamka hata baada ya mimi kumrudishia sahani tupu.

Na ilibidi nimwambie. Nisipomwambia, chupa mpya itapanda kwenye barafu. Nikimwambia, ataogopa kuigusa tena, na friji ni hiyo moja. Nilishinda na jambo hilo kutwa nzima. Rispa alitaka kwenda yeye, anajua kusema na watu. Nikamwambia hapana.

Jioni hii nilichemsha njugu, nikaweka na ndizi mbivu kwenye sahani yetu ya bati. Nilimkuta mlangoni akisubiri adhana. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sahani mkononi. Nilisema dawa ikiganda inakufa. Nilisema kosa ni langu, nilimpa maneno nusu.

 Mkono wake ulipanda ukashika kifua.

"Nilikuwa namuua Nafula?"

"Hapana, mama. Yuko sawa. Amekula, amelala."

"Uliniambia adui yake ni joto. Sikusahau hata siku moja."

"Najua."

Nilidhani yameisha. Nikamnyooshea sahani. Hakuipokea. Alikuwa ananitazama usoni, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Jana ulikuja mwenyewe," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza hujawahi kuja. Tena hukungoja nikuitikie hodi. Ulikuja kuangalia nini, Baba Nafula?"

Kwenye geti la kiwanda ukiulizwa una jibu. Unageuza mifuko. Mimi nilisimama na njugu zangu.

"Ulidhani naiba dawa ya mtoto."

Hakuuliza, alisema tu. Adhana ikaanza. Alipokea sahani kwa sababu mtu hawezi kuachwa amesimama hivyo, akazungumza kwa sauti ya chini, bila hasira niliyoizoea ya watu.

"Friji ni ile ile. Mtoto sitamnyima, hana kosa. Lakini kuanzia leo utaiweka wewe na utaitoa wewe. Mimi siigusi. Siku nyingine ikiharibika, ujue ni mkono gani ulioishika."

Akaingia ndani kufuturu.

Nilikwenda nikachukua chupa mpya tuliyopewa kliniki, nikarudi nayo. Familia yake ilikuwa imeketi kwenye mkeka, nikapita pembeni yao kama fundi wa stima. Nikaiweka kwenye mlango wa friji, karibu na mayai. Hakuna aliyeniangalia. Na kabla ya kufunga, mimi huyu, baada ya yote haya, niliinua chupa kwenye taa ya friji nikaitazama kama ina chembe. Sikukusudia. Mkono ulienda wenyewe. Nadhani aliniona.

Sijui ugonjwa huu wangu wa kupekua unapimwa kwa mashine gani.

Sasa hivi, nikiwa naandika hapa mlangoni, Swabra amepita na sahani yetu. Amenipa, akasema, "Mama anasema asante," akakimbilia wenzake bombani. Sahani imeoshwa na kukaushwa vizuri. Haina kitu. Nimeigeuza nikatazama chini yake.

Rispa ameiona. Ameichukua akaitundika ukutani, akamfunika Nafula miguu.

Asubuhi kabla ya kwenda geti nitabisha hodi kwa Mama Swabra, na nitangoja nje hadi nisikie "karibu". Jioni nitabisha tena. Njugu zimebaki kwenye gunia, ndizi zipo sokoni. Kesho nitaijaza sahani, iende. Ikirudi tupu, nitaijaza tena.