Mama Si Tarakimu

Dar es Salaam,
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa zile siku ambazo simu yako haikupatikana. Mimi sijambo, nakula vizuri na nalala vizuri. Je, goti lako linaendeleaje? Usinijibu kuwa limepona kama ulivyomjibu daktari. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunikatiza kabla sijafika ninapokwenda, na leo nina habari ambayo lazima niimalize. Mwinjuma anarudi Kaole kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Naomba asiondoke bila chai.

Mama, chuo kilitupa wiki nzima iliyopita kuonja kazi za kompyuta kabla ya kila mmoja kuchagua mkondo wake. Nilianza na mitandao, ile kazi ambayo Mjomba Abdullatif ameniwekea nafasi ofisini kwake. Tulipanda darini kuvuta nyaya, nikashuka na utando wa buibui kichwani, wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kazi ni nzuri, sikatai. Kisha tukapelekwa kwenye ulinzi wa mifumo, ambako mwalimu anafundisha kutomwamini mtu yeyote. Shangazi Saida angefaulu bila kusoma. Nikatengeneza na programu ya simu, nayo ikagoma kufunguka mbele ya darasa zima.

Mwisho tukaingia chumba cha Mwalimu Sabiha, anayefundisha mashine kusikiliza Kiswahili na kukiandika. Kila mtu alitakiwa aseme jambo la nyumbani kwao. Nikasema, "Mama yangu Tatu binti Mosi anakaa Kaole." Mashine ikaandika: Mama yangu 3 binti 1 anakaa Kaole.

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Halafu nikakasirika, Mama, nikakasirika kweli. Jina alilokupa Babu kwa kuwa wewe ni mtoto wake wa tatu, jina linaloitwa harusini na msibani, limegeuzwa tarakimu. Mwalimu alieleza kuwa walioitayarisha mashine hawakujua kama Tatu anaweza kuwa mtu. Nikamwambia kwamba sisi tukihesabu hatusemi "mama tatu", tunasema "mama watatu"; kwa hiyo Tatu akisimama hivyo baada ya mama, huyo ni mwenye jina lake. Alinitazama, akavuta kiti, akasema, "Kaa hapa, uifundishe hilo."

Basi nimekaa. Chakula cha mchana nasahau, na nikitembea barabarani najikuta nasema peke yangu. Juzi nilirudia sentensi ile ile, na jina lako likatokea kwa herufi, T yake kubwa kabisa. Nililia kwa furaha, wenzangu wakadhani nimepokea habari ya msiba.

Sasa lile la kumaliza. Nimeshachagua, Mama. Nimechagua kazi ya Mwalimu Sabiha, na nafasi ya Mjomba nimeirudisha kwa heshima. Najua ulishampelekea visheti vya shukrani, na najua Kaole nzima inasubiri nije niwafungie intaneti. Jana nilikwenda kwa Mjomba nikamweleza mwenyewe. Akasema, "Mimi nimekuelewa. Kwa mama yako utajieleza mwenyewe." Huku nilikochagua hakuna aliyeniahidi ajira, sikufichi. Nina furaha isiyo na kifani, lakini bila radhi yako siwezi kutulia nayo.

Ijumaa nakuja ili unijibu uso kwa uso. Mashine bado haijajua yote: nikiiambia kwamba nakwenda nyumba ya Tatu, inadhani nahesabu nyumba za mtaani. Mimi ninajua ni nyumba ipi. Naomba nikifika nikute mlango wake uko wazi.

Nisalimie Shangazi Saida, na yeyote atakayeniulizia.

Mwanao akupendaye,
Nadhira