Nyumba ya Bwana Luteni na Upepo wa Mlimani

Jumatatu, 3 Julai 1911

Kuta za nyumba ya Bwana Luteni zimefika usawa wa kichwa. Feruzi, mume wangu, anazizunguka tangu asubuhi, anazipapasa — ningekuwa na wivu wa kuta ningekwisha kuondoka! Mtu wa Bagamoyo huyu, kila nyumba anayoijenga anataka ipumue. Luteni anakaa boma la Usumbura. Hii ya Rumonge ni ya kulala akija kukagua ufuko wa ziwa. Sharti lake moja tu, kwa kinywa cha mkalimani: isimpike mchana, isimgandishe alfajiri. Akiipenda, Feruzi atachukuliwa Usumbura akajenge mtaa mzima.

Kafurahi hata chakula kakisahau. Nimekula fungu lake pia.

Lakini Usumbura! Na mama je? Mtoto wake ni mimi peke yangu, na miguu haimfikishi tena hata kisimani. Jioni nilimgusia. "Mimi siendi," akasema. "Hapa iko kaburi ya baba yako, iko michikichi yangu. Muende nyinyi." Akaendelea kuchambua ndagala zake, dagaa wa ziwani. Hapo nikajua kwamba mimi pia siendi. Kumwambia Feruzi ndiyo kazi.

Jumatano, 5 Julai

Mzozo wa meko! Ramani iliyotoka bomani ina meko ya ndani, ya kutosha kuchoma mbuzi mzima, na dohani ya kutoboa paa. Feruzi anacheka: nani anaota moto Rumonge? Hassani, fundi mwenzake, mzaliwa wa hapa, anamwambia asiudharau upepo wa mlimani. Kiangazi hiki unashuka alfajiri na hauna adabu. Haya, meko iwe kubwa kiasi gani? Na madirisha ya upande wa milima, mapana au vitundu tu? Wamebishana mpaka uji umepoa, kisha wakaniuliza mimi.

Nikasema tuyaulize mawese. Huku kila mama anajua: weka bakuli la mawese chumbani jioni, lilale humo. Asubuhi yakiwa yameganda hata kijiko kinasimama, nyumba inataka moto. Yakiwa mazito tu, shuka inatosha. Yakitiririka, fungua madirisha upendavyo.

Feruzi kapenda sana. Nitaliweka mwenyewe ndani ya kuta zile, na kuliangalia ni mimi.

Alhamisi, 6 Julai

Kijiko kimesimama.

Kumepambazuka tu, nilikuwa peke yangu mle ndani, shuka mbili mgongoni na meno yanagongana. Nikakitazama kijiko. Nikamfikiria mama. Nikalibeba bakuli hadi jikoni kwangu, nikalipasha moto kidogo, nikalirudisha mahali pake.

Feruzi kaja, kaliinamisha. Mawese yakatiririka! Basi hakuna meko, hakuna dohani. Madirisha manne mapana upande wa milima, manne upande wa ziwa, yatazamane. Hassani akanitupia jicho. Mimi nikatazama ziwa.

Hesabu yangu ni hii: Luteni atatetemeka, atanuna, atatafuta fundi mwingine. Feruzi naye atanuna siku chache, nitampikia kuku, yatakwisha. Naona haya. Lakini mama kanipakulia ugali leo, kanipangusa jasho kwa upindo wa nguo yake, na haya ikapungua.

Jumapili, 16 Julai

Paa limekwisha. Mchana nyumba ile ni raha tupu — upepo wa ziwa unaingia huku, unatokea kule. Wachukuzi wanatafuta visingizio vya kuingia kupumzika. Feruzi kaniambia hajawahi kujenga nyumba nzuri kama hii. Kasema polepole, bila majivuno. Nilitaka kumwambia kila kitu palepale. Nikaenda kuanua ndagala.

Alhamisi, 27 Julai

Luteni kafika! Mtumbwi mkubwa, askari, masanduku, na uso umeiva kwa jua. Kaingia ndani, kazunguka. Kaulizia meko, Feruzi kajibu haihitajiki. Luteni kaandika kitu.

Alasiri bado, na upepo wa mlimani nausikia unaanza. Nilitaka kumpelekea chungu cha makaa. Feruzi kakataa, kasema nitamwaibisha. Maskini Feruzi wangu, anajiamini! Nampenda, na nimemchimbia shimo.

Ijumaa, 28 Julai

Baridi ya leo haijapata kutokea. Mama kajifunika na mkeka juu ya shuka. Feruzi kaitwa kwa Luteni mapema. Nikakaa barazani kungoja, kuku nimekwisha kumchinja.

Karudi anakimbia. Anacheka!

Luteni kalala madirisha yote wazi, blanketi kalipiga teke. Mkalimani anasema ndiyo mara ya kwanza tangu aingie nchi hii kupata usingizi wa kwao. Kwao maji yanageuka mawe, watu wanatembea juu yake! Upepo wetu kwake ni mzaha. Ewe Batuli, mjinga wee, umempima mtu wa barafu kwa ngozi yako!

Feruzi kanishika mikono mbele ya mama. "Kauliza nani kapima baridi ya nyumba hii," kasema. "Nimekutaja wewe. Anataka nyumba zote za Usumbura uzipime wewe. Mtumbwi unatungoja kesho."

Mama kaacha kuchambua ndagala. Feruzi bado anatabasamu, anangoja nifurahi.

Nimewaambia naingia ndani mara moja kuchukua ushungi. Ndimo ninamoandika haya. Ushungi ninao kichwani, na wote wawili wameuona.