Mtani, Kapela Bado Yu Hai

Mtani,

Mjukuu wa wapagazi we, umelala? Babu zako walipita kwetu Ugogo na mizigo mabegani wakiomba maji, lakini wewe hadi juzi ulikuwa unaniita mimi ombaomba. Leo nani ataniita? Tangu uondoke hapa Ipole hakuna anayejua kunitukana vizuri. Nimekonda kwa kukosa matusi yako, haki ya Mungu.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Usitegemee machozi, nilishalia.

Unalikumbuka lile darasa la mvua za radi, pale ukumbi wa kanisa? Mimi nilifuata chai na maandazi, sikatai. Wewe ukakaa mbele, ukamuuliza mwalimu maswali hadi chai ikapoa. Wingu likisimama wima na kichwa chake kikatanuka, si la kuchezea. Chini ya mti si pa kujificha. Kimbilia nyumba imara, au gari lililofungwa milango na vioo. Wakakuchagua mwangalizi wa mawingu wa kitongoji, wakakuvisha filimbi. Nikakuita refa, ukaniambia, "Nitakupa kadi nyekundu, Mgogo wewe." Na Kapela, mwenye shamba kubwa la tumbaku, alikuwepo kiti cha mbele anakunywa soda. Habari ya gari aliisikia kwa masikio yake, Mtani.

Ndiyo maana siku ile, tukiwa kibaruani kwenye tumbaku yake, ulipotazama magharibi ukapuliza filimbi, yeye hakuwa na kisingizio. Akasema anayetaka kuondoka aende, ila kesho asirudi. Tukaendelea kuchuma majani, wajinga sisi, maana nyumbani watoto wanataka kula. Radi zilipoanza, akakimbilia pikapu yake. Ukatuongoza hadi pale, ukagonga. Akashusha kioo nafasi ya kupitisha kidole, akasema: "Miguu ina tope hiyo. Mtaniharibia viti." Akakipandisha.

Viti! Viti, Mtani!

Wenzetu wakakimbilia chini ya mninga. Ukawafuata unapiga kelele, ukawatoa mmoja mmoja kwa kuwavuta nguo. Mimi ulinitoa wa mwisho. Ulinisukuma nikaanguka mbele, na radi ikashuka nyuma yangu. Mimi nikainuka. Wewe hukuinuka.

Sasa sikia alichofanya yule mtu. Hujaoshwa hata, ameshaanza kunong'ona kwamba radi ile imetumwa. Imetumwa na nani? Na mama yako! Bi Kalunde, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yote. Vijana wakaanza kuizungukazunguka nyumba yake. Unajua huku mambo hayo yanakoishia. Siku ya kukuzika, mama aliketi pembeni peke yake, hakuna wa kumpa hata maji ya kunywa.

Hapo nikakumbuka mimi ni nani. Mtani msibani hazuiwi.

Nikavaa kitenge chako, filimbi yako shingoni, nikajipaka tope hadi magotini. Watu wakaanza kucheka, wakajua Mgogo ameanza vituko vyake. Kapela alikuja na pikapu ileile, mlango hakuufunga. Nikaingia na tope langu, nikakaa kwenye usukani, nikajifungia. Akaja mbio, akagonga. Nikashusha kioo kidogo tu, nikamwambia kwa sauti yake ya puani: "Miguu ina tope hiyo. Mtaniharibia viti."

Waliocheka ni wasiojua. Wanawake wa shambani hawakucheka. Mmoja akaangua kilio: "Ndivyo alivyosema! Ndivyo alivyomwambia marehemu!" Kisha wa pili, kisha wote, mbele ya mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji. Wale vijana wakaacha kumtazama mama yako, wakamtazama yeye. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono. Nilifurahi, Mtani. Kwenye msiba wako nilifurahi, na sijuti.

Mama hajambo. Siku hizi anakwenda kisimani na vijana walewale wanamwamkia shikamoo, wanambebea ndoo. Anaitikia marahaba kwa shingo upande, na mimi simlaumu.

Darasa linaendelea. Mwalimu ni mimi, cheka ukitaka. Nikifika kwenye habari ya gari nasema, "Kama lile la Kapela," halafu naeleza kisa chote, kila mara. Akatuma wazee waniombe niliondoe jina lake kwenye kisa, wakaja na mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi tumemla, mama akapewa ini. Kusamehe sijasamehe.

Msimu huu wingu likianza tu kutanuka, Kapela anafungua milango ya pikapu kabla sijapuliza filimbi, anaita vibarua waingie walivyo. Watu wananiambia, amebadilika huyo, mwachie sasa. Amebadilika wapi! Anaogopa. Naye ni Mnyamwezi kama wewe, mtani wangu vilevile. Anajua siku ya kuzikwa kwake nani atasimama mbele ya wanawe na wajukuu zake kuigiza maisha yake, na hakuna atakayethubutu kunikalisha chini.

Basi pumzika, mpagazi wangu. Mimi nakula vizuri, nalala mapema, na ngurumo ikisikika nakuwa ndani. Nakuahidi jambo moja tu: sifi kabla yake.